Zabuni za serikali Kenya na Tanzania: Siku za kulalamika ni chache, na kuchelewa kuna gharama

Kampuni iliyoshindwa katika zabuni ya serikali nchini Kenya hupewa siku 14 za kuwasilisha malalamiko. Nchini Tanzania, sheria mpya ya ununuzi wa umma inampa mzabuni siku 5 za kazi. Muda huo ukipita na mkataba ukasainiwa, lalamiko ambalo lingeamuliwa ndani ya wiki chache linaweza kukosa pa kusikilizwa, au likageuka kesi ya miaka mingi ambayo gharama yake hulipwa na walipa kodi.

Jambo hili linawagusa wasikilizaji wetu kwa njia mbili. Wapo wafanyabiashara wanaovuka Malaba, Busia na Mutukula kutafuta kazi za kuuza vifaa, kujenga au kutoa huduma kwa taasisi za umma za nchi jirani. Na wapo wananchi wa kawaida wanaosikia kwamba ujenzi wa barabara au ununuzi wa dawa umesimamishwa kwa sababu ya mgogoro wa zabuni, wasijue mgogoro huo unaamuliwa na nani na kwa muda gani. Makala haya yanaeleza utaratibu uliopo Kenya na Tanzania, na mambo yaliyotokea pale mgogoro ulipoachwa hadi baada ya mkataba kusainiwa.

Migogoro ya aina mbili

Migogoro ya ununuzi wa umma imegawanyika katika makundi mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Kundi la kwanza ni malalamiko ya mzabuni kabla ya mkataba. Anadai kwamba nyaraka za zabuni zilipendelea kampuni fulani, kwamba alienguliwa kwa kigezo kisichokuwamo katika tangazo, au kwamba tuzo imetolewa kwa asiyestahili. Malalamiko haya husikilizwa na vyombo maalumu vilivyoundwa na sheria ya ununuzi.

Kundi la pili ni migogoro ya mkataba wenyewe, baina ya serikali na yule aliyekwisha kupewa kazi. Hapa wanabishania malipo yaliyocheleweshwa, kazi iliyofanywa chini ya kiwango, kuongezwa kwa bei, au kuvunjwa kwa mkataba. Migogoro hii hufuata vifungu vya mkataba, na mara nyingi huishia kwa wasuluhishi au mahakamani. Saini ya mkataba ndiyo mpaka kati ya makundi haya mawili.

Kenya: siku 14, 21 na 45

Msingi wa ununuzi wa umma nchini Kenya ni Ibara ya 227 ya Katiba ya mwaka 2010, inayotaka ununuzi uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali za Umma ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016.

Chini ya sheria hiyo, malalamiko hupelekwa mbele ya bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, inayojulikana kwa kifupi kama PPARB. Mzabuni anatakiwa kuwasilisha ombi lake ndani ya siku 14 tangu alipoarifiwa matokeo, au tangu kosa analolilalamikia lilipotokea katika hatua yoyote ya mchakato. Maneno haya ya mwisho yana uzito ambao wengi huwa hawautambui. Ikiwa kasoro ilikuwa ndani ya nyaraka za zabuni tangu siku ya kwanza, mzabuni hawezi kunyamaza, akashiriki, na baada ya kushindwa akaja kusema kwamba vigezo havikuwa vya haki. Bodi inaweza kumjibu kwamba siku zake zilianza kuhesabiwa alipoziona nyaraka hizo.

Ombi likipokelewa, mchakato wa zabuni husimama na taasisi husika huarifiwa. Bodi hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Inaweza kufuta uamuzi wa afisa mhasibu, kuagiza tathmini irudiwe, kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa taasisi, au kuamuru zabuni ianze upya.

Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45 za kuamua. Kutoka hapo ana siku 7 za kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa, yenye siku nyingine 45, na kwa mujibu wa sheria hiyo uamuzi wake ni wa mwisho. Mahakama yoyote kati ya hizo mbili ikishindwa kuamua ndani ya muda wake, uamuzi wa Bodi ndio unaobaki na nguvu. Ukijumlisha siku zote, kuanzia taarifa ya matokeo hadi hukumu ya mwisho, unapata siku 146, yaani chini ya miezi mitano. Kesi chache sana za kibiashara katika kanda hii humalizika kwa muda kama huo.

Ili haki hiyo isiwe ya maandishi tu, sheria inaizuia taasisi kusaini mkataba kabla ya siku 14 kupita tangu wazabuni walipoarifiwa. Taarifa hiyo hutakiwa kwenda kwa mshindi na kwa walioshindwa kwa wakati mmoja, ikitaja aliyeshinda na sababu za wengine kushindwa. Mkataba ukisainiwa kwa kufuata masharti haya, Bodi haina tena mamlaka juu ya zabuni hiyo. Ukisainiwa kwa haraka ili kumfungia mlalamikaji mlango, Bodi inaweza kuendelea kusikiliza, kwa kuwa mkataba wa namna hiyo haukufuata sheria.

Tanzania: afisa masuuli kwanza

Nchini Tanzania utaratibu unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2011. Zabuni hutangazwa na kushughulikiwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA.

Tofauti na Kenya, mzabuni wa Tanzania haendi moja kwa moja kwenye chombo cha rufani. Kabla ya kutoa tuzo, taasisi nunuzi hutoa kusudio la kutoa tuzo kwa wazabuni wote walioshiriki. Asiyeridhika hupeleka malalamiko kwa afisa masuuli wa taasisi hiyo ndani ya siku 5 za kazi. Afisa masuuli naye hupewa siku 5 za kazi kutoa uamuzi kwa maandishi. Akikaa kimya, au mlalamikaji asiporidhika na jibu, rufani hupelekwa ndani ya siku nyingine 5 za kazi kwenye Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA, ambayo hutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 40. Baada ya hapo inabaki nafasi ya kuiomba Mahakama Kuu ifanye mapitio.

Chini ya sheria ya zamani, muda wa mzabuni ulikuwa siku 7 za kazi na ule wa PPAA siku 45. Lengo la kuupunguza ni kuharakisha miradi. Lakini kwa mzabuni, maana yake ni kwamba kusudio la kutoa tuzo likitumwa Ijumaa jioni, Ijumaa inayofuata anaweza kuwa tayari ameishiwa muda. Asiyefungua mfumo mara kwa mara anaweza kuipoteza haki yake bila kujua kwamba aliwahi kuwa nayo.

Hatua ya kuanzia kwa afisa masuuli ina faida na hasara. Faida ni kwamba kosa la kawaida, kama waraka uliosahauliwa na wakadiriaji, linaweza kurekebishwa ndani ya taasisi bila gharama za rufani. Hasara ni kwamba mlalamikaji anamwomba ofisa yuleyule anayewajibika kwa uamuzi huo ajikosoe. Uganda ilikuwa na ngazi tatu. Marekebisho ya sheria yake ya mwaka 2021 yaliondoa ngazi ya katikati iliyokuwa chini ya mamlaka ya PPDA, hivyo sasa mzabuni hutoka kwa afisa mhasibu na kwenda moja kwa moja kwenye Baraza la Rufaa.

Lalamiko gani lina nguvu?

Vyombo vya rufaa havirudii tathmini kwa kuuliza ni kampuni gani nzuri zaidi. Swali lao ni kama taasisi ilifuata sheria na nyaraka zake yenyewe. Kwa hiyo lalamiko lenye nguvu hutaja kigezo, ukurasa kilipo, na namna kilivyokiukwa.

Sheria ya Kenya, kwa mfano, inataka tathmini ifanywe kwa vigezo vilivyomo katika nyaraka za zabuni peke yake. Kamati ikimwengua mtu kwa kukosa cheti ambacho hakikuombwa, hilo ni kosa linaloonekana wazi. Vilevile, bei iliyosomwa siku ya kufungua zabuni ni ya mwisho na haiwezi kusahihishwa wala kurekebishwa. Ikiwa bei ya mshindi katika barua ya matokeo si ile iliyosomwa mbele ya wazabuni, mlalamikaji ana hoja ya kupeleka. Ndiyo maana ni muhimu kuhudhuria ufunguzi na kuandika bei zote zilizosomwa.

Mlalamikaji wa Kenya haruhusiwi kuzipekua nyaraka za siri za mshindani wake, lakini anaweza kuomba muhtasari wa tathmini. Bodi yenyewe hupewa jalada zima na kulisoma. Lalamiko linalosema tu kwamba "tulikuwa na bei ya chini kuliko wote" mara nyingi huanguka, kwa kuwa bei huangaliwa baada ya mzabuni kuvuka hatua za awali na za kiufundi.

Wafanyabiashara kutoka nje ya Kenya wana jambo jingine la kuangalia kabla ya kuingia. Sheria inataka mzabuni wa kigeni katika zabuni ya kimataifa aoneshe kwamba walau asilimia 40 ya mahitaji yake yatatoka kwa wakandarasi raia wa Kenya, na hicho ni kigezo cha hatua ya awali. Asiyekitimiza huenguliwa mwanzoni, hata kama bei yake ni nzuri.

Asiye mzabuni anakwenda wapi?

Bodi ya Kenya huwasikiliza watu walioshiriki au waliotaka kushiriki katika zabuni. Mwananchi, chama cha siasa au shirika la kiraia linaloona ununuzi umekiuka Katiba hulazimika kwenda Mahakama Kuu. Kesi mbili zinaonesha namna muda unavyoamua thamani ya hukumu.

Ya kwanza ni zabuni ya karatasi za kura za mwaka 2017. Tume ya uchaguzi iliipa kazi hiyo kampuni ya Al Ghurair ya Dubai bila ushindani, na muungano wa upinzani wa NASA ukafungua kesi. Tarehe 7 Julai, Mahakama Kuu ilifuta sehemu ya zabuni iliyohusu karatasi za kura za urais. Tarehe 20 Julai, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo na kuruhusu uchapishaji. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti. Mgogoro uliisha kabla ya tukio lenyewe, na kila upande ulijua msimamo wa sheria.

Ya pili ni reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2014, mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa seneta wa Busia, pamoja na Chama cha Mawakili cha Kenya walipinga kazi hiyo kupewa kampuni ya China Road and Bridge Corporation bila zabuni ya ushindani. Mahakama Kuu ilizikataa hoja zao. Treni zikaanza safari mwishoni mwa Mei 2017. Miaka mitatu baadaye, Juni 2020, Mahakama ya Rufaa ikasema ununuzi ule ulikiuka sheria. Juni 2023, Mahakama ya Juu nayo ikaitengua hukumu hiyo. Katika muda wote huo reli ilikuwa imekwisha kujengwa, abiria wanasafiri, na mkopo wa China unalipwa. Hata kama hukumu ya mwaka 2020 ingesimama, hakuna mahakama ambayo ingeweza kuwarudishia wananchi nafasi ya kulinganisha bei za wakandarasi wengine.

Baada ya saini: Dowans, City Water na World Duty Free

Mkataba ukishasainiwa, kasoro za zabuni hazifutiki, lakini kuzitumia kama hoja huwa kugumu na ghali. Tanzania ilijifunza hilo katika sakata la Richmond. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika uhaba mkubwa wa umeme, kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura, na baadaye mkataba huo ukahamishiwa kwa kampuni ya Dowans. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilichunguza namna mkataba ulivyopatikana, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Shirika la umeme la TANESCO liliuvunja mkataba mwaka huohuo, likidai kwamba ulipatikana kinyume cha sheria ya ununuzi. Dowans ilipeleka shauri kwenye usuluhishi wa Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. Novemba 2010 wasuluhishi waliipa ushindi kampuni hiyo, na TANESCO ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 65 za Marekani. Kasoro ambazo zingepaswa kuzuia saini hazikuweza kuuokoa mfuko wa umma baada ya saini.

Hata hivyo, si kila shauri la namna hii huishia kwa serikali kulipa. Mwaka 2003, kampuni ya City Water ilipewa mkataba wa miaka 10 wa kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam, na Mei 2005 serikali ikauvunja kwa madai kwamba kampuni imeshindwa kazi. Mwanahisa wake wa Uingereza, Biwater Gauff, aliishtaki Tanzania katika kituo cha Benki ya Dunia cha kutatua migogoro ya uwekezaji, ICSID. Julai 2008 wasuluhishi walisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyochukua hatua zake, lakini hawakuamuru fidia yoyote, kwa kuwa mradi ulikuwa umekwisha kupoteza thamani. Katika shauri jingine, City Water iliamriwa kuilipa DAWASA takriban pauni milioni 3. Kumbukumbu za kushindwa kwa mkandarasi ndizo zilizoisaidia serikali, na pupa yake katika kumwondoa ndiyo iliyoiponza.

Rushwa nayo ina uzito wake. Kampuni ya World Duty Free iliishtaki Kenya ikidai fidia kwa kupoteza maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Oktoba 2006, wasuluhishi wa ICSID walilikataa dai hilo baada ya kubainika kwamba mkataba ulipatikana kwa malipo ya dola milioni 2 kwa rais wa wakati huo, malipo ambayo waliyaona kuwa rushwa. Anayenunua mkataba kwa hongo hawezi kuutumia mkataba huo kudai haki.

Kushinda na kulipwa ni mambo mawili

Mkandarasi mdogo mara nyingi hagombani kuhusu tuzo, anagombania malipo. Sheria ya Kenya inasema kiasi kilichocheleweshwa kinapaswa kulipiwa riba, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo. Lakini mali ya serikali haiwezi kukamatwa na dalali wa mahakama kama ya mdaiwa wa kawaida. Aliyeshinda kesi hulazimika kupata hati ya amri ya mahakama na, akiendelea kutolipwa, kurudi tena mahakamani kuomba afisa husika aamriwe kulipa.

Sheria hiyohiyo inazuia bei ya mkataba kubadilishwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote ya mkataba kwa pamoja hayapaswi kuzidi asilimia 25 ya thamani ya awali. Anayeweka bei ya chini kupita kiasi ili ashinde, akitumaini kuipandisha baadaye, anajitega mwenyewe.

Upande wa wananchi

Maofisa wa serikali hulalamika kwamba baadhi ya wazabuni hutumia rufaa kuchelewesha kazi, hasa yule anayeendelea kutoa huduma kwa mkataba wa zamani wakati zabuni mpya imesimamishwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu zabuni ya dawa ikisimama kwa siku 21, mgonjwa hasimami naye. Ndiyo sababu nchi zote mbili zimechagua muda mfupi badala ya kufunga mlango wa malalamiko. Siku chache za kusubiri kabla ya saini ni gharama inayojulikana mapema. Hukumu ya usuluhishi baada ya miaka minne haijulikani itakuwa kiasi gani.

Mambo ya kuzingatia kwa mzabuni

Soma nyaraka zote siku unayozipata, na ulalamikie kasoro zake mapema bila kusubiri matokeo.

Hudhuria ufunguzi wa zabuni, uandike majina na bei zilizosomwa.

Weka kumbukumbu ya tarehe na saa uliyopokea kila taarifa, na ufungue mfumo wa zabuni kila siku matokeo yanapokaribia.

Ukishindwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Usingoje jibu lake kama siku zako za malalamiko zinakwisha.

Taja kifungu cha nyaraka au cha sheria kilichokiukwa, na ueleze unachoomba: tathmini irudiwe, au zabuni ianze upya.

Kabla ya kusaini mkataba, soma kifungu cha kutatua migogoro. Angalia kama ni mahakama au usuluhishi, katika mji gani na kwa sheria ya nchi ipi. Usuluhishi wa ng'ambo unaweza kumgharimu mkandarasi mdogo zaidi ya deni analodai.